Rezini, mvule na deni la vijana wa atelye

(Maneno yaliyotolewa katika mkutano wa wanamemba)

Tulimwambia katibu kwamba tutachukua dakika ishirini tu. Munatujua, tutajaribu.

Tuliombwa kusema juu ya atelye ya kukereza biki, na juu ya ile pesa ya sanduku. Katika mkutano uliopita sisi hatukukuwa hapa, tulikuwa tereni. Lakini maneno yana miguu, yalitufikia kule kule. Kwamba vijana wanne wa atelye walikula pesa. Kwamba dawa ya kugandisha waliiuza kwa watoliye wa magari. Kwamba rezini waliiongeza maji, njo maana haikukauka. Na mzee mmoja, tunamheshimu, alisema wazi mbele ya wote: "Hawa ni wezi, tusizunguke."

Sisi tuko na jibu, na sehemu ya jibu hilo haitupendezi kulisema. Kwanza chukueni mikebe hii mitatu, muipitishe mkono kwa mkono. Ni mikebe ya nyanya, si kitu cha hatari. Ule wenye alama nyekundu mushike kwa karatasi, unanata bado. Muangalie, muguse, kisha tutaendelea.

Kwa wale ambao hawajafika atelye, tueleze kazi yenyewe. Kuko ndugu yetu mmoja tuliyesoma naye katika kambi ya Nyarugusu. Alipata safari ya kwenda Marekani na jamaa yake, na kule alikuta wazee waliostaafu wanaofanya kazi hii kwa kupenda tu, jioni, katika gereji zao. Mutu anachukua kijiti cha mbao au cha rezini, anakitoboa katikati, anagundisha ndani kamrija ka shaba, anakifunga kwenye turu, yaani ile mashine ya kukereza mbao, anakichonga mpaka kiwe chembamba na laini, kisha anaingiza ncha, klipu na wino. Biki inatoka. Si biki ya kutupa wino ukiisha. Unabadilisha wino, biki inabaki. Ndugu alitutumia moja ya rangi ya ziwa wakati wa asubuhi, na mfuko mudogo wa vile vyuma. Tulipoiona tulisema: turu tunayo, mbao za kubakia ziko kila siku chini ya miguu ya mafundi, vijana wako na mikono. Kwa nini hapana?

Swali la "kwa nini hapana" tulipaswa kulijibu kwa karatasi na hesabu. Tulilijibu kwa furaha.

Kijiti kimoja kiko na upana wa sentimita 2 kila upande na urefu wa sentimita 13. Ukipiga hesabu ni sentimita 52 za ujazo, karibu gramu 60 za rezini. Kilo moja basi inatoa vijiti 16, si zaidi, na pale ukiwa haujamwaga kitu. Ukiweka kipande cha mbao au gunzi la mahindi ndani ya kalibu na kujaza tu mahali palipobaki wazi, rezini inaweza kupungua mpaka nusu, na biki inapendeza zaidi, kwa kuwa mbao na rangi zinaonekana pamoja. Hiyo ndiyo njia tuliyochagua. Kwa kalibu, vijana walifanya akili nzuri kuliko zetu: walikata bidon za njano za mafuta ya mawese, wakazikunja na kuzifunga kama kalibu ya matofali. Rezini haishiki kwenye plastiki ile. Ikiisha kukauka unapinda kidogo, kijiti kinaruka chenyewe. Sisi tulikuwa tayari kuandika barua ya kuomba kalibu kutoka nje!

Rezini tuliyoipata ni ya poliesta. Ni ndugu ya ile mastiki ambayo mutoliye anapaka kwenye gari lililogongwa. Ni maji mazito kama asali, yananuka sana. Peke yake haikauki upesi. Unatia dawa ya kugandisha, gramu 10 mpaka 20 kwa kilo moja ya rezini. Yaani asilimia 1 au 2. Kwa joto letu la mchana, 1 inatosha. Ndani ya robo saa, zaidi ao chini, inakuwa kama mafuta yaliyoganda, kisha inapata moto yenyewe bila jiko, kisha inakuwa ngumu.

Sasa tuseme ginsi pesa ilivyopotea, na muhukumu wenyewe.

Bidon ya kwanza iliharibika kwa kupima kwa macho. Hilo ni kosa la vijana, nao wamekubali. Mumoja alikuwa amefanya kazi kwa mutoliye, akasema: "Miye minajua, minatiaka tu kwa macho." Kwa mastiki inayopakwa nyembamba kwenye bati, jicho linatosha. Kwa kalibu nzito haliwezi kutosha. Penye dawa nyingi, vijiti vilipasuka vyenyewe kwa moto, tuliisikia ikilia ta, ta, kama chumvi kwenye makaa. Mabaki yaliyoachwa kwenye kopo yalianza kutoa moshi. Penye dawa kidogo, siku tatu kisha rezini ilikuwa bado laini kama sabuni iliyolowa. Kisha hapo tulinunua mizani ndogo, ile ya kupimia dhahabu, na seringi ya farmasi. Tangu siku ile kila mchanganyiko umeandikwa katika kaye: tarehe, saa, gramu za rezini, gramu za dawa. Kaye iko hapa. Mutu yeyote anaweza kuifungua.

Tunawaomba muifungue kweli, juu ya neno la kuuza dawa. Dawa ilikuja gramu 200. Jumlisheni kaye na kile kilichobaki katika chupa, tuliyoipima jana mbele ya katibu. Tofauti ni gramu 6. Gramu 6 zinabaki kwenye seringi na kwenye midomo ya chupa. Hakuna mutoliye aliyenunua gramu 6.

Bidon ya pili ndiyo iliyoleta maneno. Hapo vijana walipima vizuri, na vijiti vilitoka vibaya vile vile. Kwa juu rezini ilikauka. Lakini mahali inapogusana na mbao, pande zote, ilibaki kama gundi ya miti. Ukiweka kwenye turu, mbao inazunguka upande wake, rezini upande wake. Karibu vijiti 20 vilitupwa. Sisi, watu wa shirika, watu wenye diplome, tulifika, tukagusa, tukasema nini? Tukasema mbao ilikuwa mbichi. Tukawaambia vijana: ninyi munaharakisha, hamutaki kungoja mbao ikauke. Tena tulisema hivyo mbele ya wateja na mbele ya wazazi wao. Tunafikiri maneno ya wizi yalizaliwa siku ile. Maana vijana walijibu kwamba mbao ni kavu, sisi tukasema haiwezekani, na mutu aliyesimama pale akafikiri: kama mbao ni kavu na vipimo ni sawa, basi rezini iliongezwa maji.

Ni kweli kwamba unyevu unaharibu. Hapa kando ya ziwa, wakati wa mvua, mbao inakunywa hewa. Vijana waliweka vipande juu ya tanuru ya mama anayechoma mikate, wakapima kila siku mpaka uzito ukaacha kushuka. Huo ndio ukavu, uzito usioshuka tena. Si kugonga mbao na kidole na kusikiliza kama sisi tulivyokuwa tunafanya. Waliandika uzito huo pia. Siku nne za mwisho namba haikubadilika. Sisi hatukuisoma.

Ni yule binti mumoja wa kundi, wa umri mudogo kuliko wote, aliyesema: tujaribu vitu mbalimbali kwa rezini moja, siku moja, dawa moja. Tulimwachia zaidi kwa kumnyamazisha kuliko kwa kumwamini, tusidanganye hapa. Alichanganya gramu 300 na gramu 3 za dawa, katika chombo kimoja, akagawa kwa mikebe mitatu sawasawa. Ule usio na alama uko na rezini peke yake. Ule wenye alama nyeupe uko na gunzi la mahindi lililokaushwa juu ya tanuru. Ule wenye alama nyekundu uko na mvule uliokaushwa mahali pale pale, siku zile zile.

Mumegusa. Wa kwanza ni jiwe. Wa pili ni jiwe. Wa tatu unanata, na hii ni juma la tatu.

Rezini ni moja. Kama ingekuwa na maji, ingeharibika mikebe yote. Kama dawa iliibwa, vile vile. Kilichobadilika ni mbao peke yake.

Tulikwenda kutafuta, tukauliza, tukasoma. Mvule, yule mti tunaousifu, ambao mchwa wanaukimbia, unakimbiwa kwa sababu uko na kitu ndani ya nyama yake. Kitu hicho hicho kinazuia poliesta kukauka. Mafundi wanaopaka verni ya poliesta juu ya mvule wanajua taabu hiyo tangu zamani. Sisi hatukujua. Na munajua nani aliyeamua kutumia mvule? Vijana walitaka magunzi na mkaratusi, kwa kuwa vinapatikana bure. Ni sisi tuliosema hapana, wateja wa heshima watataka mbao ya heshima, tumieni mvule. Imeandikwa katika raporo yetu wenyewe, ukurasa wa pili, na sahihi yetu chini.

Kwa hiyo, vijana wetu wanne, mumeketi pale nyuma, tumewaona. Tulikosa. Tuliwasema mbele ya watu, basi tunawaomba msamaha mbele ya watu. Na wewe mzee wetu, hatukusema haya kwa kukuaibisha. Ulisema kwa sababu sisi tulitangulia kusema.

Sisi wote hapa tunajua kusingiziwa. Tulipotelemka meli pale Baraka, mwaka wa 2005 na ile iliyofuata, watu waliobaki walituangalia mifuko. Walisema waliorudi kutoka Tanzania wako na pesa ya HCR, wanaficha. Wengine wetu tulikuwa vijana wadogo, tulikuwa na sufuria, maturubai na sabuni. Miaka mingapi ilipita mbele ya neno lile kufa?

Sasa deni. Sanduku liliwakopesha vijana dola 150. Wamerudisha 40, kwa biki za magunzi walizouza wakati wa sherehe za diplome. Katika 110 zinazobaki, tumepiga hesabu pamoja na mtunza sanduku: bidon iliyoharibikia kwenye mvule, na mafuta ya grupu ya siku zile, ni dola 60. Hizo 60 tutazilipa sisi. Si shirika, shirika halina mstari wa bajeti kwa aibu ya wafanyakazi wake. Ni sisi watatu tuliotia sahihi, 20 kila mutu, kwa miezi miwili. Tunaomba mkutano ufute amandi ya kuchelewa, maana kuchelewa kulitokana na sisi. Dola 50 zitabaki juu ya vijana, na wamesema watalipa. Muungano utaamua, sisi tumesema upande wetu.

Kuko wanaouliza kama kazi iendelee. Tuseme tunavyofikiri, bila kuwauzia ndoto mara ya pili.

Vyuma vya biki ndivyo vigumu. Ncha, klipu, kamrija ka milimita 7, vyote vinatoka nje, na ndugu yetu hawezi kuwa duka letu. Kila mara mfuko unapokwisha, atelye inalala. Tulitengeneza mpango mzima juu ya kitu ambacho hatuwezi kununua sokoni hapa, na hilo pia limo katika raporo yetu bila mutu kuliona. Kwa hiyo sisi hatushauri kukopa tena kwa ajili ya biki. Biki zibaki kazi ya maagizo: mutu anataka zawadi kwa mutoto aliyepata diplome, analipa nusu mbele, vyuma vinaagizwa. Lakini kijiti kile kile cha rezini na gunzi kinaweza kuwa mpini wa kisu, mpini wa tupa, kishikio cha mlango. Pale hakuna chuma cha nje. Vijana wamefanya mipini mitano ya visu. Mama mumoja muuza samaki alichukua miwili, akasema haitelezi mukononi kwenye maji. Hiyo ni mitano tu, hatuwezi kuita soko. Tujaribu mpaka mwisho wa kiangazi na rezini iliyobaki, ndipo tuseme.

Na isikae sana. Rezini inazeeka, katika joto inazeeka upesi zaidi, inaanza kuganda ndani ya bidon yenyewe. Ukinunua, tazama tarehe. Yule aliyetuuzia bidon ya kwanza upande wa pili wa mpaka alikuwa amebandika karatasi juu ya tarehe, nasi tukaona karatasi imebandikwa vizuri!

Neno moja bado, na hili wamama walisikilize zaidi, na wenye watoto. Ile dawa ya kugandisha si mchezo. Mwezi uliopita ilimrukia kijana mumoja katika jicho. Hakuwa na miwani ya kazi. Miwani ilikuwa kwenye msumari, inaning'inia. Mama anayepika foufou jirani ya atelye hakuuliza dawa ni gani. Alimlaza chini, akamfungua jicho kwa vidole, akamwagia maji safi ya bidon nzima, polepole, kijana analia mama anamwaga, kisha akatuma mutoto kuchota bidon ya pili. Zaidi ya robo saa. Baadaye kituo cha afya kilisema maji yale ndiyo yaliyookoa jicho. Leo anaona, ameketi pale. Dawa ile inaweza kupofusha mutu kwa tone. Ikiingia jichoni, maji saa ile ile, mengi, robo saa na zaidi, ndipo njia ya hospitali. Usianze na njia.

Haiwekwi katika chupa ya maji ya kunywa, hata kwa siku moja. Tuliikuta hivyo mara moja, juu ya meza, inaonekana safi kama maji, na watoto wanapita. Haiwekwi kwenye jua, wala chini ya turubai ya kamyo pamoja na rezini. Vitambaa vilivyoipangusa havirundikwi. Vinaweza kushika moto. Kama muuzaji akikupa chupa nyingine ndogo ya rangi ya zambarau, ya kuharakisha, usiichanganye kamwe moja kwa moja na dawa hii. Zikikutana peke yao zinalipuka. Kazi ifanyike nje, kwenye upepo, na si jikoni. Wajawazito wakae mbali na harufu ile. Wakati wa kukereza na kupiga msasa, maski, kwa kuwa vumbi lake halitoki kifuani.

Na kuna kijana, hatumtaji, aliyeona katika simu kwamba Wazungu wanatia kalibu ndani ya sufuria ya presha ili mapovu yapotee. Alikuwa ameanza kukata chupa ya gaz ya zamani ili aifanye sufuria. Tafadhali. Vyombo vyao vimetengenezwa kwa presha ile na vina valvu. Mapovu mawili matatu katika mpini wa kisu hayajaua mutu. Mutajaza polepole, mutapasha rezini kidogo kwenye jua kabla ya kutia dawa, mapovu mengi yatapanda yenyewe. Chupa ile tumeichukua, iko katika ofisi yetu.

Maswali tunayapokea, kwa kaye na mizani tutabaki hapa mpaka saa kumi. Binti wetu ataonyesha ginsi ya kupima kwa seringi kwa yule anayetaka, ila tu awe amefunga viatu. Na ule mkebe wa alama nyekundu, tafadhali urudi hapa mbele, wasimwachie mutoto.